Vioo vya Ghorofa Vilivyofika Itumbe

Westlands, Nairobi
Jumapili, 3 Machi 2024

Kwa Sokoro wangu, Mzee Ogoti,

Mjukuu wako Okemwa anakusalimu wewe na goti lako. Natumaini mmeamka pamoja na mnasikilizana. Mimi ni mzima ukiondoa mgongo, mabega, na kidole gumba nilichokibana kwa fremu ya alumini wiki jana. Nimechoka, sitakudanganya. Chumbani tunaishi wawili na Ochoki wa Kenyenya, naye hukoroma kama lori linalopanda kilima cha Nyanchwa na gia mbovu.

Najua watu watakucheka kwa kupokea barua ya karatasi. Lakini nilipokupigia mara ya mwisho, uliweka simu kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio yako, na akina mama wa kanisa waliokuja kuliombea goti wakasikia habari zote za tumbo langu kuhara. Kwa hivyo tuandikiane. Macho yako bado ni mazuri, na Kiswahili chako ulichokitoa reli ya Voi kinanishinda mimi niliyeachia shule darasa la saba.

Kazi ni ile ile ya mjengo, ila nimeacha kuchanganya zege. Sasa nabandika vioo. Jengo ni la ofisi, na ukuta wake wote wa nje ni kioo kutoka chini hadi juu. Tunapanda kwa kitanda cha chuma kinachoning'inia kwa kamba, tunakishika kioo kwa vikombe vya mpira vinavyonyonya, tunakitia kwenye fremu. Si kioo kama cha dirisha la shule. Ni viwili vilivyofungwa pamoja, katikati kuna nafasi ya upana wa kidole yenye hewa kavu isiyotoka. Upande mmoja wa ndani umepakwa kitu chembamba kama pumzi ya mtu, ila hakifutiki. Mwanga unapita, joto la jua linarudishwa lilikotoka. Injinia anasema ndiyo sababu jengo halitakula stima nyingi ya kupoza hewa. Mimi nimelielewa hilo kwa ngozi: jua linanichoma mgongoni, halafu jua lile lile linagonga kioo na kurudi kunichoma usoni. Ndani watu wamevaa sweta.

Sasa sikia utamu wake. Mchana ukisimama nje huoni ndani, unajiona wewe na mawingu. Lakini giza likiingia na taa za ndani zikiwaka, kioo kinageuka msaliti. Aliye ndani anajiona mwenyewe tu, na aliye nje anaona kila kitu. Orofa ya sita, ambako wenye ofisi wameshahamia, kuna bwana mmoja mnene ambaye mchana hajibu salamu zetu. Jioni huvua viatu akacheza peke yake, kiuno chote, mpaka tai inamzunguka shingoni. Tunampigia makofi. Hasikii, maana vioo viwili havipitishi sauti.

Jambo lenyewe ni hili. Injinia alipima vibaya safu moja, na kioo cha namna hii kikishafungwa hakikatwi tena. Vilikuwa vitupwe. Nimeruhusiwa kuchukua, na binamu ya Ochoki mwenye lori la kuleta ndizi atavibeba akirudi Kisii mtupu, vikiwa vimesimama katikati ya majani ya migomba. Nataka fundi Obwocha abomoe ukuta wa mbele wa nyumba yangu na kuvipanga vyote pale. Miaka mitatu niko huku na watu wa huko wanasema Okemwa hajajenga kitu. Sasa wataona. Ule usaliti wa jioni usikutishe. Kwetu tunawasha koroboi, na kwa koroboi hata waliokaa meza moja hawaonani.

Usimwambie Baba mpaka viwe vimesimama.

Halafu, mke wangu Edinah ananiambia kwenye simu kwamba amechoka na njia ya kwenda kuteka maji. Nikiuliza njia imefanya nini, ananiambia nimuulize baba yangu. Nawe unajua mtoto hamuulizi baba yake mambo kama hayo. Niambie wewe.

Ni mimi mjukuu wako,
Okemwa


Itumbe
Alhamisi, 28 Machi 2024

Kwa mpinzani wangu Okemwa,

Salamu zako nimempa goti. Limesema nalo limechoka. Ng'ombe mwekundu amezaa ndume, kwa hivyo hakuna aliyefurahi isipokuwa yeye. Chai inachumwa. Mke wetu Edinah ni mzima, na nasema wetu kwa sababu wewe ndiye uliyemuoa lakini ugali wake naula mimi. Ukikaa huko zaidi utarudi umkute ameshahesabiwa kuwa wangu peke yangu.

Vioo vimefika. Kimoja kilikuwa na nyufa, nadhani ndizi zilikiaga vibaya. Obwocha amekula siku nyingi kwenye ukuta wako na vyote vizima vimesimama, isipokuwa kimoja kilichokosa nafasi, ambacho nimekiegemeza ghalani kwangu. Nyumba yako sasa ni kama mtu wa kijijini aliyevaa miwani ya jua. Jogoo wa Edinah amepigana na jogoo wa kioo kutwa nzima na hakuna aliyeshinda. Tryphosa jirani, akienda kanisani Sabato, alisimama pale kurekebisha kitambaa akagundua gagulo lake linachungulia. Alikaa akijirekebisha mpaka akakosa Shule ya Sabato. Sasa akina mama wote wanapita njia ya kwako kwenda kanisani, hata wanaoishi upande wa pili.

Baba yako Bosire alikuja akatazama. Nilidhani atakemea. Bosire akatazama kioo kwa muda, akavua kofia, akaivaa tena upande kidogo, akaenda zake.

Ubaya wake ni mmoja. Sisi huku jua tunalitafuta ili tukaushe mahindi, na wewe umetuletea kioo cha kulifukuza. Mchana nyumba yako ni baridi kama kisima. Lakini jioni jiko likiwaka, joto linabaki ndani, na watoto hawataki kutoka.

Sasa ile njia. Bosire ameifunga. Unajua Edinah alikuwa anapita nyuma ya nyumba ya baba yako, katikati ya migomba, anashuka chemchemini. Basi mara mbili alimkuta mkwe wake anatoka bafu lile la magunia, maji yakimtiririka, mkono mmoja ukishika taulo. Bosire akasema hiyo si ensoni, haina heshima, baba mkwe na mkaza mwana hawafai kukutana hivyo. Mimi nikamwambia ahamishe bafu. Yeye akafunga geti kwa waya. Sasa mke wetu anazunguka na mtungi kwa barabara, anapanda kile kilima chote, na Bosire anaoga kwa amani. Tena anasema kuku wa Edinah wamemaliza miche yake ya sukuma, kwa hivyo waya utabaki.

Edinah hawezi kumjibu. Mkaza mwana hamkabili baba mkwe. Ameniambia mimi tu: kama njia haifunguki, atarudi kwao Nyamira mpaka uje uchague unaishi wapi. Alisema hayo bila kukasirika, akiosha sufuria. Mimi huwaogopa wanawake wanaosema hivyo wakiosha sufuria.

Wako,
Ogoti, aliyekuwa mtu wa reli


Westlands, Nairobi
Jumapili, 5 Mei 2024

Kwa Sokoro,

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mvua. Hukosi kusikia kwenye redio jinsi tulivyonyeshewa. Upepo ukivuma hatupandi, na tusipopanda tunakaa chini ya turubai tukitazamana. Ochoki anakusalimu, na mimi nakupa pole ya goti, ambalo najua halipendi mvua.

Habari ya Nyamira imenikosesha usingizi. Nilimpigia Edinah nikamwambia avumilie. Akaniambia, "Mimi navumilia, ni shingo ndiyo haivumilii." Nikamwambia nitakuja Disemba. Akasema, "Disemba njoo, utamkuta Sokoro."

Sasa kuna jipya. Baba amenitumia ujumbe kwenye simu, wote kwa herufi kubwa: VIOO VITOKE. BABA YAKO. Nikamuuliza kwa heshima, kwa nini? Akajibu: KUKU. Kesho yake nikaona kingine: NDEGE WANAGONGA WANAKUFA. Juzi: RADI.

Sokoro, mtu aliyevaa kofia upande mbele ya kioo hawezi kugeuka hivyo kwa sababu ya ndege. Kuna kitu. Kioo hiki nimekibeba kwa mikono yangu. Mimi sina shamba la kununua, sina gari la kurudi nalo nikapige honi sokoni. Nina ule ukuta wa mbele tu. Edinah anasema ndio kitu cha kwanza nimefanya ambacho hata mtu asiyenipenda anaweza kukiona.

Niambie ukweli. Kioo kimemkosea nini Baba?

Okemwa


Itumbe
Jumapili, 19 Mei 2024

Kwa mpinzani wangu,

Huku tu wazima. Ndama ni mtundu. Tryphosa amenunua gagulo jipya na anataka kila mtu ajue. Goti linasema ahsante.

Unaniuliza kioo kimemkosea nini baba yako. Mimi ni mzee, sioni kila kitu. Muulize yeye.

Hali ya hewa jioni ni nzuri sana siku hizi. Nimetoa kile kigoda changu nikakiweka kando ya njia, upande unaotazama kwako, na ikifika saa moja hivi nakaa pale napunga upepo. Daktari hajasema, lakini najua linanifaa goti. Majirani nao wamegundua upepo huo. Obwocha hutoka Kenyenya kwa baiskeli kuja kuupunga. Tryphosa huja na kiti chake.

Baba yako ndiye hana nafasi ya kupunga. Yeye hurudisha ng'ombe tu. Ila ng'ombe wamekuwa wazito kutembea. Wakifika mbele ya nyumba yako wanasimama, na yeye anasimama nao, anatazama chini, anatafuta kitu alichoangusha. Kila jioni anaangusha kitu pale pale. Sasa hata ng'ombe wamezoea, wanasimama wenyewe bila kuambiwa.

Usiniulize zaidi. Nikisema, upepo utakatika.

Njia bado ina waya.

Ogoti


Westlands, Nairobi
Jumapili, 7 Julai 2024

Sokoro,

Sikusalimu sana leo, nina hasira. Hata hivyo, hujambo? Goti je?

Ochoki alikwenda kwao Kenyenya kwa mazishi ya shangazi yake, akapita kwetu kuwajulia hali. Amerudi jana. Nikamuuliza, "Nyumba yangu inaonekanaje?" Akasema, "Bwana, kwako kunawaka! Nilikuja jioni nikadhani ni kituo cha petroli. Nilikiona mpaka kile kikombe chenye mpini uliovunjika."

Stima! Imeingia Itumbe, nyumba yangu ina taa nyeupe ya kumulika kijiji kizima, na babu yangu mwenye macho mazuri ananiandikia habari za upepo!

Nilimpigia Edinah papo hapo. "Uliwekewa stima lini?" Akasema, "Tangu Aprili. Nilitaka iwe ya kukushangaza." Nikamwambia, "Basi weka mapazia." Akauliza, "Ya nini? Nani anaficha kioo kwa kitambaa?" Nikashindwa kumwambia. Ningesemaje? Kwamba kila jioni wewe na Obwocha na Tryphosa mmekaa kwa viti mkimtazama? Kwamba baba mkwe wake anasimama pale na ng'ombe? Angeaibika hata kabla ya kufika Nyamira. Akacheka, akakata simu.

Nami ndiye niliyekuandikia jinsi tunavyomtazama yule bwana wa orofa ya sita. Tangu jana nikipanda jioni nageuza uso.

Baba ametuma tena: MWISHO NI AGOSTI. NITALETA JEMBE. Edinah naye kasikia, sijui kwa nani, na amesema jembe likigusa kioo, yeye na watoto wanapanda gari la Nyamira siku hiyo hiyo. Mimi niko huku juu kwa kamba. Baba nikimpinga nimevunja heshima, mke nikimwacha aende sina nyumba ya kurudi, hata iwe ya kioo.

Niambie mnaona nini mle ndani. Kila kitu. Usinitajie upepo.

Okemwa


Itumbe
Jumapili, 11 Agosti 2024

Kwa mjukuu wangu Okemwa,

Pole kwa hasira. Sisi tu wazima, na nyumba yako iko na vioo vyote, kwa hivyo kaa chini kwanza ndipo usome.

Ulipoandika kuhusu bwana wa orofa ya sita nilicheka, nikasahau. Stima ilipoingia, jioni ya kwanza nilikuwa natoka kwa Obwocha, nikaona nyumba yako yote imefunguka kama kabati. Edinah yuko katikati ya sebule, watoto wameketi sakafuni. Amevaa kofia. Nikaitambua kofia, ni ya aina ya Bosire, sijui aliipata wapi. Akaingiza mikono nyuma, akatoa tumbo, akatembea. Okemwa, ni Bosire yule! Ule mguu wa kushoto unaochelewa, kile kikohozi cha kuonya watu kwamba mzee wa kanisa anapita. Watoto walianguka chini. Sauti haitoki kwa vile vioo vyako, kwa hivyo mimi na masikio yangu haya tulikuwa sawa na kila mtu. Ndiyo mara ya kwanza baada ya miaka mingi kusikia kama wenzangu.

Kesho yake nilirudi na kigoda.

Halafu mchezo ukakua. Alikuwa anafunga geti, geti lenyewe ni kiti, anakaza waya usiokuwepo, anakaza, anarudi anakaza tena. Kisha anavua kofia, anakuwa yeye mwenyewe, anaweka mtungi mtupu kichwani na kuzunguka meza. Anazunguka, anazunguka, ulimi nje, magoti yakigongana, anashika kiuno. Kisha kofia tena, na sasa ni Bosire anaoga. Hapo anajifunga leso juu ya nguo zake kama taulo, anajisugua kwapa kwa raha, macho amefumba, halafu anastuka, anashika leso kwa mkono mmoja na kutazama huku na huku kama mwizi wa mahindi. Siku hiyo nilianguka kigodani. Tryphosa aliniinua huku yeye mwenyewe akihitaji kuinuliwa.

Na baba yako alikuwa pale, na ng'ombe.

Sasa elewa shida yake. Bosire haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata macho yake hayafai kuingia. Akisema, "Edinah ananiiga," nitamuuliza, "Umemuonea wapi?" Akinyamaza, kesho yake anaoga tena mbele ya Obwocha. Ndiyo maana ya kuku, na ndege, na radi. Kila asubuhi alikuwa anakuja kwangu na sababu mpya, mimi namwitikia, "Kweli, radi ni mbaya," na moyoni nakufa.

Sikukuambia kwa sababu ungeleta pazia. Nina miaka themanini na sinema yenyewe haijawahi kufika Itumbe. Nihukumu.

Lakini barua yako ya Julai ilinigusa. Nikaona wewe una mengi ya kupoteza kuliko mimi wa kigoda. Nikaenda Kenyenya mwenyewe na goti hili, nikanunua kitambaa kizito cha pazia, nikampelekea Edinah mchana. Nikamwambia, "Mke wangu, babu anaweza kukwambia kitu ambacho wengine hawawezi. Jioni taa ikiwaka, walio nje wanakuona."

Aliendelea kuchambua mboga. Akasema, "Ahsante, Sokoro. Kitambaa kizuri." Akakitandika mezani. Kikatosha vizuri kabisa, kikaning'inia pande zote.

Nikasema, "Hukunisikia? Wanakuona."

Akanitazama. "Sokoro, jioni ya kwanza kabisa nilitoka nje kumwita mtoto. Niligeuka nikaona nyumba yangu yote. Niliona mpaka kikombe cha Okemwa chenye mpini uliovunjika."

"Basi tangu siku hiyo..."

"Tangu siku hiyo nimekuwa nikiongea na mtu nisiyeruhusiwa kuongea naye." Akakusanya maganda ya mboga. "Kaa pale pale kwako leo. Kuna jipya."

Okemwa, mimi nimeishi na wanaume wa reli, wenye maneno. Sijaona mtu aliyemshika mwenziwe namna hiyo bila kufungua mdomo.

Jioni hiyo alikuja na jipya kweli. Bosire wa kofia alikuwa na jembe. Akaliinua mbele ya kioo, akajiona, akasimama. Akageuza kofia upande, akajitazama tena. Jembe likashuka taratibu. Akalitumia kujikuna mgongo. Obwocha alilia machozi. Nyuma yetu ng'ombe walisimama kimya, na sikusikia mtu akitafuta kilichoanguka.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumatatu asubuhi Edinah alitoka na mtungi kwenda barabarani, akasimama. Waya haukuwepo. Geti lilikuwa wazi, na limeegemezwa jiwe lisijifunge. Bafu la magunia limehamia nyuma ya zizi.

Baba yako nilimkuta analima. Nikamuuliza, "Waya umekwenda wapi?"

Akasema, "Kutu."

Ogoti


Westlands, Nairobi
Jumapili, 25 Agosti 2024

Sokoro wangu,

Barua yako niliisoma juu kwenye kitanda cha kamba, na nilicheka mpaka msimamizi akatuteremsha akidhani kamba imelegea. Ochoki akataka kujua. Nikamsomea. Sasa saiti nzima inamjua baba yangu anavyooga. Mungu anisamehe.

Nilimpigia Edinah. Nikamwambia, "Nimesikia njia imefunguka." Akasema, "Ndiyo, waya ulikuwa na kutu." Nikamuuliza kama bado ana mpango wa Nyamira. Akasema ana mpango wa kwenda Nyamira kumsalimia mama yake, Jumapili moja, na kurudi jioni, kwa sababu jioni ana kazi.

Miaka yote hii nilidhani mimi ndiye ninayejua kioo. Nimekibeba, nimekipaka silikoni, najua upande gani unatazama nje. Huyo bwana wa orofa ya sita bado anacheza. Zamani nilimuona mjinga. Sasa najiuliza kama kuna mtu katika jengo la ng'ambo ambaye bwana huyu anamchezea, na sisi tumekaa katikati tukipiga makofi yasiyokuwa yetu.

Baba hajatuma ujumbe tena. Nami sijauliza. Mwambie tu, bila kusema ni mimi, kwamba nimefurahi radi imepungua.

Okemwa


Itumbe
Jumapili, 15 Septemba 2024

Kwa mpinzani wangu,

Mahindi yamekauka, hatukuhitaji ruhusa ya kioo chako. Goti linatembea. Ndama sasa anasimama pale na wenzake kila jioni ingawa hakumbuki chanzo. Mke wetu shingo imenyooka, na mtungi unafika ukiwa umejaa. Jioni bado anacheza kidogo, lakini sasa anamuiga Obwocha akipanga vioo, na Obwocha amekasirika, ameacha kupunga upepo. Kiti chake nimeupa mguu wangu wa goti.

Nilifikiri mambo yameisha, nikawa napanga kukirudisha kigoda ndani. Lakini juzi Bosire alikuja ghalani kwangu. Alizunguka, akakohoa, akasifu mahindi. Kisha akauliza, "Kile kioo kilichobaki, kina mwenyewe?"

Nikamwambia, "Ni cha Okemwa. Wewe si ulisema kinaleta radi?"

Akasema, "Kwangu kuna baridi."

Akatoa kamba mfukoni akakipima urefu na upana, akafunga vifundo. Nikamfuata polepole nione. Nyumba ya baba yako ina madirisha manne. Hakupima linalotazama barabara, wala lile la upande wa upepo, ambako baridi inaingia. Alipima lile linalotazama sebule ya Edinah. Leo fundi mwingine kaja kubomoa, na Bosire amerudi kutoka dukani na balbu. Si balbu ndogo, mwanangu. Ni ile wanayofunga nje ya kiwanda cha chai.

Jioni nilipita kwake kumwomba chumvi. Mlango ulikuwa umerudishwa, nikachungulia, mimi ni baba yake, naruhusiwa. Okemwa, mzee wa kanisa alikuwa peke yake sebuleni. Amechuchumaa, mikono ameifanya mabawa. Alikuwa anachakura sakafu kwa mguu, ule wa kushoto unaochelewa, kisha anainamisha shingo na kudona, anainuka, anatazama upande kwa jicho moja. Alidona miche yote ya sukuma kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Kisha akajaribu kutaga.

Sikuomba chumvi. Nimerudi nikatoa kigoda cha pili. Toa ruhusa ya kioo upesi, na ukija Disemba usikae sana kwako ndani. Njoo ukae nami hapa njiani, tuwe tunageuka, mara kwako, mara kwake.

Ogoti